Mkimbiaji wa Namboboto na Jumamosi za matanga

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kuingia Uganda imetokeza mbali nje ya mji wa Malaba, na Vivianne Naliaka anaipita kwa miguu. Anakimbia kwenye udongo kando ya lami, mgongo wima, macho mbele. Madereva wanamfahamu. Mmoja wao, mtu wa Jinja, anapiga mswaki akiwa ameketi kwenye ngazi ya lori lake.

"Nyabo, mimi nimelala hapa mara ya pili," anamwambia. "Wewe unaenda tu, sisi tumekaa."

"Pole, boss," Naliaka anajibu bila kupunguza mwendo.

Mwandishi wa makala haya yuko nyuma yake kwa bodaboda, na dereva wa bodaboda ananung'unika kwamba hakuambiwa kazi yenyewe ni kumfukuza mwanamke. Kilomita chache mbele anaanza kumhesabia muda.

Naliaka, mwenye umri wa miaka 26, hukimbia mita 1,500, na hiyo ndiyo kazi yake. Haina mshahara. Mwaka mzuri humwachia kama shilingi laki nne baada ya wakala kuchukua chake. Mwaka alioumia msuli wa paja hakupata kitu, akawa anauza omena, dagaa wa ziwani kutoka Port Victoria, sokoni Malaba.

"Omena ndio ilinilisha. Siwezi kuidharau," anasema.

Jumamosi hii kuna mchujo wa timu ya taifa jijini Nairobi. Watatu wa kwanza ndio watakaosafiri. Mwaka jana Naliaka alikuwa wa nne. Na Jumamosi hiyo hiyo, kijijini kwao Namboboto, kaunti ya Busia, kuna mazishi.

Asiyetoka pande hizi atauliza mazishi na riadha vinakutana wapi. Vinakutana kwenye kalenda. Busia huzika Jumamosi, na mbio nazo hukimbiwa Jumamosi. Kina mama wa kijiji ndio hupikia waombolezaji, na yule ambaye haonekani jikoni anakumbukwa vizuri kuliko wanaoonekana.

La kuchekesha ni kwamba matanga yenyewe ndiyo yaliyomwingiza kwenye riadha. Alikuwa darasa la sita, chumvi ikakosekana katikati ya mapishi, akatumwa dukani sokoni.

"Nilirudi nikapata kina mama bado wanagombana ni nani alisahau chumvi," anasema. "Mwalimu Callistus alikuwa amekaa kwa tenti. Akaniuliza nimebebwa na baiskeli ya nani."

Jumatatu iliyofuata mwalimu huyo alimpanga na wavulana kwenye uwanja wa shule, wenye kichuguu kwenye kona ambacho kila mkimbiaji alilazimika kukizunguka. Wavulana walikizunguka wakiwa nyuma yake. Kutoka hapo akafika mashindano ya kaunti, kisha ya kitaifa, na shule moja ya upili ikamchukua kwa ajili ya miguu yake.

Alipomaliza shule alihamia Malaba chini ya kocha Levis Egwang, na mbio zake za kwanza ng'ambo hazikuwa zake. Alilipwa kuwaongoza wengine mizunguko miwili ili waende kasi, kisha atoke.

"Mara ya kwanza nilitoka nikasimama kando, nikaona aibu, kama mtu amefukuzwa darasani," anasema. "Kumbe ndio kazi." Ilimchukua misimu miwili kabla ya kuruhusiwa kumaliza mbio kwa jina lake.

Huku nyumbani, Jumamosi zilikuwa zikipita. Alikosa mazishi ya majirani, ya shangazi, ya mtoto wa aliyekuwa dawati moja naye. Kisha akafariki baba yake mzazi.

Kina mama wa Namboboto walikuja wote. Waliimba, wakasali, wakaketi. Hakuna aliyesogelea mafiga, na watu wa kwao mama yake ndio walioingia jikoni, wageni wakipikia wageni. Ni adhabu isiyo na kelele, na inauma mpaka kwenye mfupa.

"Hawakunitukana," anasema Naliaka. "Walikaa tu, mikono kwa mapaja. Nilielewa."

Kwa kuwa Jumamosi si yake, alichukua Alhamisi na Ijumaa. Tangu wakati huo, kukiwa na msiba kwao, hushuka mapema, akachota maji na kubeba kuni za wapishi, kisha akaondoka kwenda mbioni. Kina mama walipokea maji hayo na kuendelea kupika.

Mwaka jana Mwalimu Callistus alifariki, na akazikwa siku ya mchujo. Naliaka alibeba mtungi wa lita ishirini kutoka kisimani hadi nyumbani kwa marehemu Ijumaa nzima, jioni akapanda basi, akafika Nairobi asubuhi miguu ikiwa imevimba. Katika mita mia za mwisho, mwenzake alimpita.

Kocha Egwang bado hajalimeza. "Miguu ilibaki kwa kisima," anasema. "Nilimuuliza, wewe ni mwanariadha ama ni lori ya maji? Akaninyamazia wiki mzima."

Naliaka anamsikia na hakasiriki. "Huyo mwalimu alinifikisha kila mahali nimefika," anasema. "Apikiwe na maji ya nani?"

Safari hii aliyefariki ni ajuza jirani yao. Jumatano tunashuka naye Namboboto, kocha akiwa amekubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba aende kusalimia tu. Anawapa pole wafiwa, anakaa kidogo kwenye kiti, na kabla chai haijafika ameshika mtungi.

Mama Rosebella, mkuu wa wapishi wa kijiji, anamwona kutoka jikoni. Ni mwanamke mrefu asiye na haraka, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuketi siku ile ya baba yake Naliaka.

"Weka hiyo mtungi chini."

"Mama, ni moja tu."

"Nimesema weka."

Naliaka anauweka. Mama Rosebella anafuta mikono kwa leso na kumgeukia mwandishi, kana kwamba mhusika hayupo.

"Mwaka jana tulimwona akibeba, na tukamwacha abebe. Tulikuwa bado na hasira naye. Sasa redio iliposema namba nne, tulikuwa tunapakua chakula. Mimi sikula. Nilijua hiyo namba imetoka wapi."

Naliaka ameinama, anatazama viatu vyake, na machozi yanamtoka wazi bila kuyaficha. Baadaye ananiambia kwamba katika miaka yote hiyo alidhani yeye peke yake ndiye anayeumia.

Anapanga kuondoka kesho kwenda Nairobi, na safari hii usiku wa kuamkia mchujo atalala kitandani, si kwenye basi. "Nataka kuingia timu," anasema. "Nikimbie na bendera, hata mara moja, kabla umri haujanikata. Nikikosa sasa, nijue nimeshindwa na mbio, si kitu ingine."

Mama Rosebella anatusindikiza hadi barabarani, mkono wake ukiwa begani mwa Naliaka.

"Maji tutachota sisi," anamwambia. "Enda ulale. Lakini Jumapili nikuone hapa. Masufuria ya kuosha tutakuachia."