Mimba ya Kwini

Mpaka leo nikipita karibu na uwanja wa shule yetu hapa Mbooni natembea nikiangalia chini kama mtu aliyeangusha sindano, na mkinikuta hivyo tafadhali msinisalimie, niacheni nipite, kwa sababu pale ndipo niliposimama mbele ya kijiji kizima, nimevaa nguo yangu ya kanisa, nasukuma mbwa kwa wilibaro kama mgonjwa anayepelekwa leba, na nikaaibika mpaka masikio yakawa moto. Najua wengine mmeshaisikia hii habari kwa midomo ya watu. Sasa isikieni kwa wangu.

Mnajua nilikotoka. Miaka yangu mingi niliimalizia Mtito Andei, nikipika katika hoteli moja ya madereva wa malori pale barabarani, mahali ambapo jiko halizimwi, dereva anashuka saa yoyote anataka ugali na nyama na chapati, na mimi nikaitwa Mama Chapo na watu ambao hata majina yao sikuwahi kuyajua (walikula, wakanitania, wakapanda lori, basi). Mume wangu alifariki mapema na mtoto Mungu hakunipa. Magoti yalipoanza kunisumbua nikarudi huku milimani kwa shamba la marehemu, na mizigo yangu yote ilikuwa sanduku, godoro, sufuria zangu kubwa na Kwini.

Kwini ni buldogi. Kama hujawahi kuona buldogi, ni mbwa mfupi, mpana, kifua kama cha mbeba magunia, uso umekunjana kama shuka lililoanikwa bila kukamuliwa, na pua imerudi ndani mpaka akipumua unasikia ukiwa jikoni. Alikuwa wa mhandisi mmoja wa barabara aliyekaa gesti jirani na hoteli yetu, na alipohamishwa akaniachia mimi, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nampa mifupa. Siku ile mhandisi alinieleza mambo mengi sana kuhusu huyo mbwa, gari linanguruma, dereva wake anapiga honi, na mimi jicho moja liko kwa mandazi yasiungue, kwa hivyo katika yote aliyosema nilishika moja tu, kwamba asiachwe juani.

Sasa tulipofika huku, wenzangu, kimya. Mnajua mtu akizoea kelele za malori, kimya kinaweza kumtoa kitandani. Jirani yangu wa karibu ni Mzee Kioko, na yeye ni mtu wa kusalimia juu ya ua halafu anaendelea na kazi yake. Nikawa nafanya kile ninachokijua, napika. Nikipika muthokoi, mahindi yangu yamekobolewa vizuri na maharagwe ndani, mkono unapima wenyewe kama wa hoteli, inatoka sufuria ya kulisha meza nzima, na mezani niko mimi. Mimi nakula sahani moja. Kwini anakula iliyobaki. Jioni chapati, moja yangu, zingine zake, na tukimaliza tunakaa mlangoni tukiangalia watu wakipanda njia ya juu kwenda makwao.

Kwini akaanza kupanuka. Mshipi wake wa shingo nikaulegeza tundu moja, tena lingine, mpaka matundu yakaisha nikamfunga kipande cha leso. Mwanzoni alikuwa ananifuata mpaka mtoni. Baadaye akawa anaishia kwa lango. Mwishowe ananisindikiza kwa macho tu, amelala mlangoni, anapumua kama mtu anapasua mbao. Mimi nilikuwa naona, lakini niliona kama unavyoona mtoto akikua: mwili umeshiba, Mungu asifiwe.

Basi asubuhi moja Mzee Kioko akaegemea ua, mbwa wake Simba yuko miguuni, akamtazama Kwini kwa muda halafu akasema:

"Syombua, huyo mbwa wako ana mimba."

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningesema sijui, au ningesema ngoja tumuulize daktari, siku ingeisha. Lakini nilimtazama Kwini, nikaona lile tumbo, na kitu kikaniruka moyoni, nikasema, "Hata mimi naona hivyo."

"Basi ni Simba," akasema Mzee Kioko, na kifua kikamjaa. "Huu ua wako Simba anauruka akitaka. Kwa hivyo sisi tumekuwa wakwe. Mkwe, tutagawana vipi?"

Wenzangu, siku hiyo yule mzee aliingia ndani ya boma langu kwa mara ya kwanza, akakaa, akanywa chai, tukagawana watoto wa mbwa ambao hawapo. Na alipoondoka nilikaa pale nikijiambia, nyumba hii itakuwa na watoto wanaolia usiku, wanaotafuna viatu, wanaokojoa kila mahali, na nikacheka peke yangu mpaka nikajifuta machozi.

Ningeishia hapo pia ingekuwa afadhali. Lakini Jumapili ilipofika, wakati wa ushuhuda, miguu ikanisimamisha. Nikasema, "Bwana asifiwe! Mimi mnanijua ni mtu wa peke yangu, lakini Mungu amekumbuka boma langu, na karibu litajaa sauti." (Ndiyo, nilitumia hayo maneno kwa mbwa, nanyi mnaweza kucheka.) Kanisa likapiga makofi, wengine hawakuelewa ni sauti gani, wakaja kuuliza nje, na nilipowaambia ni Kwini, badala ya kunicheka wakaanza kuomba. Pasta akataka dume. Mwenyekiti wa akina mama akataka wawili, mmoja wa kwake na mmoja wa dada yake aliyeolewa Kitui, na wakaanza kuja nyumbani kumwona mjamzito, huyu na maziwa, huyu na uji kwa chupa, wanakaa, wanaongea, wanacheka, na mimi kwa mara ya kwanza tangu Mtito Andei chakula changu kinakwisha. Watoto wa jirani wakaanza kuniita Susu, yaani nyanya, nyanya wa watoto wa Kwini. Hakuna mtu aliyewahi kuniita Susu. Nilikuwa najifanya sijasikia ili waite tena.

Na Kwini? Kwini sasa alikuwa anakula kwa niaba ya watu wengi.

Mahindi yaliyokuwa yanapandwa Mzee Kioko aliposema lile neno yakaota, yakapaliliwa, yakabeba, na Kwini bado. Nikaanza kuwa na wasiwasi, kwa sababu hata mimi najua mbwa hakai na mimba namna hiyo, lakini kila mtu alikuwa na jibu. "Huyu ni mbwa wa kizungu," Mzee Kioko akanituliza. "Vitu vyao huchelewa, hata magari yao yanakaa bandarini." Nami nikakubali, kwa sababu nilitaka kukubali, na kwa sababu siku ile mwenyekiti wa akina mama alikuwa amesema angepita jioni.

Halafu ikatangazwa kanisani kwamba Jumamosi daktari wa mifugo atakuja uwanja wa shule kuchanja mbwa, chanjo ya kichaa, kila mtu alete wake. Mzee Kioko akanipa wilibaro lake. Nikalitandika gunia, juu yake leso yangu mpya, tukampandisha Kwini tukisaidiana, nikavaa nguo ya kanisa, tukashuka.

Uwanja ulikuwa umejaa. Mbwa wamefungwa kamba, wamefungwa nyaya, wengine wamebebwa mabegani kama mbuzi, wote wanabweka, na jua limeshapanda. Watu walipotuona wakagawanyika katikati. "Mpisheni! Mpisheni mjamzito!" Mwenyekiti wa akina mama akaenda mbele kufungua njia, Mzee Kioko na Simba nyuma yangu kama baba mkwe na bwana harusi, na mimi kichwa juu, nasukuma.

Daktari alikuwa msichana mpole tu, anaitwa Ndanu. Nikamwambia, "Daktari, usimchome kwa nguvu, huyu yuko karibu kuzaa."

Akainama, akampapasa Kwini tumboni. Akapapasa tena. Akamgeuza kidogo, akapanga manyoya kwa vidole, akaangalia mahali fulani chini ya tumbo. Halafu akaniambia kwa sauti ndogo, akiniita mama kwa Kikamba, "Mwaitu, nani alikuambia ana mimba?"

Sauti yake ilikuwa ndogo, nasema ukweli, mtoto wa watu alijaribu kunisitiri. Mimi ndiye niliyejibu kwa sauti kubwa, "Kila mtu anajua!"

"Hapa kuna kovu," akasema. "Huyu alifanyiwa upasuaji zamani, akatolewa kizazi. Hawezi kushika mimba. Haya ni mafuta, mwaitu."

Nikakumbuka mhandisi na gari lake linanguruma. Kumbe hilo lilikuwa miongoni mwa yale niliyoyaachia mandazi.

Mzee Kioko akauliza kwa uchungu wa kweli, "Kwa hivyo Simba wangu amesingiziwa?"

Aiya! Uwanja ulivunjika. Watu walicheka wakashikana mabega, wakaketi chini, mtu akapiga kelele kutoka nyuma, "Pasta, dume lako limeyeyuka!" na pasta mwenyewe, Mungu anisamehe, niliona mabega yake yakitikisika. Mwenyekiti wa akina mama hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyeuziwa maziwa yenye maji, akaondoka.

Na haikuishia hapo, kwa sababu zile kelele zilimtisha Kwini, akajirusha kutoka kwa wilibaro, akaanguka kama gunia, akainuka, akajaribu kukimbia, hatua chache tu, miguu ikafunguka pande zote akalala kifudifudi, ulimi nje umebadilika rangi, na ile pumzi yake ikawa mluzi. Daktari Ndanu akapiga kelele, "Maji! Mleteni kivulini!" Watu waliokuwa wanacheka wakambeba, wakamwagia maji tumboni na miguuni, na mimi nimepiga magoti kwa matope na nguo yangu ya kanisa, nampepea na leso, namwambia Kwini usiniache, usiniache, sikujali tena nani anasikia.

Pumzi yake ilipotulia daktari akachukua mkono wangu, akauweka ubavuni mwa Kwini. "Unasikia mbavu?"

"Sisikii."

"Ungepaswa kuzisikia ukigusa hivi tu. Na ukimtazama kutoka juu unapaswa kuona kiuno, hapa ni meza. Mbwa wa pua fupi kama huyu hata akiwa mwembamba anapata shida kupumua, sasa huu uzito na hili jua vitamuua. Anakula nini?"

"Ninachokula mimi."

"Na nyumbani mko wangapi?"

"Mimi na yeye."

"Sasa mwaitu, chakula chote hicho unampikia nani?"

Ningeweza kudanganya, lakini nilikuwa nimechoka, na maneno yakatoka yenyewe. "Sijui kupika kidogo. Nikipika kidogo inakuwa kama nimekubali hakuna mtu atakuja."

Hapo hata wale waliokuwa bado wanacheka kule nyuma wakaacha. Na niwaambie, kicheko nilikuwa nimekizoea, nilichanganyika na madereva miaka yote hiyo, lakini ule unyamavu, watu wote wanaangalia viatu vyao, ule ndio uliniua. Bora wangeendelea kucheka.

Nilimpandisha Kwini nyumbani jua lilipopoa, mlima wote peke yangu, wilibaro linarudi nyuma kila nikipumzika. Na kuanzia wiki hiyo hakuna aliyekuja. Sidhani walikuwa na hasira, naona walikuwa na aibu, mtu akishajua upweke wako hajui aingie akisema nini. Watoto wakarudi kuniita Mama Syombua. Wilibaro nililirudisha, Mzee Kioko akalipokea juu ya ua, akasema asante, akaendelea na kazi yake.

Nilichobaki nacho ni maagizo ya daktari. Kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni, nyama kidogo isiyo na mafuta, mboga, na chapati hapana, hata kipande. Asife njaa kwa ghafla, apunguziwe polepole. Atembee alfajiri kabla ya jua, mwanzoni mpaka kwa lango tu. Wenzangu, mnafikiri ni rahisi? Anamaliza kikombe chake kabla sijakaa, halafu anakuja kunitazama na yale makunyanzi yote ya uso, na mimi nakula nikiwa nimegeukia ukuta kama mwizi. Kuna jioni nilimnyima chapati tukalia wote wawili. Lakini tulitembea. Tulifika lango, tukafika kwa mti wa avokado, na asubuhi moja, mvua ilikuwa imenyesha na njia inateleza, tukafika mtoni, akanywa maji, akanitazama kama mtu aliyesahau kwamba mahali hapo pako.

Siku moja nikampeleka Mukuyuni, daktari alikuwa huko siku ya soko, akampima kwa mizani ya mfanyabiashara wa maembe. Alikuwa amepungua vizuri sana. Daktari Ndanu akanishika mkono, akauweka ubavuni tena, na nikazisikia, moja, nyingine, nyingine. Nilitaka kupiga vigelegele. Nikatoka pale nimejaa habari, nikaangalia soko lote, sikuona wa kumwambia, nikasimama mbele ya mama mmoja muuza nyanya ambaye sijawahi kumwona maishani, nikamwambia, "Mbwa wangu amekonda!"

Akanitazama, akamtazama Kwini. "Pole," akasema. "Mpe chakula."

Nilinunua nyanya zake, nikaenda zangu. Na nikaapa, hapo hapo, kwamba habari yoyote njema itakayonijia tena sitaikimbiza kanisani wala sokoni, nitaipeleka nyumbani kwanza, nikae nayo siku kadhaa nione kama ni ya kweli. Tatizo ni moja tu, kwamba nyumbani wa kukaa nayo ni Kwini, na nikifika nikaanza kumsimulia, yeye siku hizi amechoka na kutembea, ameshalala, anakoroma.