Safari ya Bagamoyo Iliyowekewa Matanga

Justina Shigela hushona sare za shule mjini Bariadi, na ukimkuta mwezi wa Januari usihangaike kumsalimia, hatakusikia. Ndio mwezi ambao wazazi wa wilaya nzima hukumbuka, siku moja kabla ya shule kufunguliwa, kwamba watoto wao hawana kaptura. Ni mjane, ana kibanda karibu na soko, hana maneno mengi na hana subira na wajinga. Wateja humwogopa na humrudia.

Mwaka huu alishona sare za darasa moja lililopelekwa Bagamoyo kuona mambo ya kale. Watoto waliporudi wakaja kibandani kushonewa vifungo vilivyong'oka, wakamsimulia magofu ya Kaole, kanisa la zamani na boma la Wajerumani. Justina akashikwa na wivu, tena wivu mkali, na haukuwa kwa ajili yake mwenyewe. Mama yake, Apolonia, amezaliwa Lalago, ameolewa Lalago, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda Mwanza kupimwa magoti. Daktari alimnong'oneza Justina kwamba magoti yale yamechoka, na mwakani huenda mama asiweze kupanda ngazi za basi. Kwa hiyo ni mwaka huu, au asahau.

Akachagua Aprili, baada ya Pasaka. Palizi imekwisha, pamba haijapasuka, majani yamejaa na ng'ombe wananenepa wenyewe. Ndicho kipindi pekee ambacho mkulima wa Lalago anaweza kukaa bure bila kujiona mwizi. Jumapili moja akaenda kuwaeleza wazazi.

Baba yake, Mzee Shigela, alisikiliza hadi mwisho.

"Huko Bagamoyo tunakwenda kwa nani?"

"Hatuendi kwa mtu, baba. Tunakwenda kutembea."

"Sawa. Kumtembelea nani?"

"Kuona mji. Kuna magofu."

"Nyumba zilizobomoka."

"Za zamani sana, baba."

"Ya jirani hapo ng'ambo imebomoka na mvua ya juzi. Twende tukaione sasa hivi, turudi tule."

Mzee Shigela si mtu mbaya. Ni mtu wa hoja, na afadhali angekuwa mbaya. Kwa akili yake, mtu mwenye mji wake huondoka kwenda kuzika, au kuozesha binti, au kumfuata ng'ombe aliyepotea. Kwenda kulala gesti, mahali ambapo hakuna anayejua hata ukoo wako, ni uhuni tu, na mzee mwenye wajukuu haanzi uhuni uzeeni. Muda wote huo Apolonia alikuwa jikoni anasonga ugali. Lakini Justina alisikia mwiko umesimama kwenye chungu, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu amjue mama yake, walikula ugali ulioungua.

Basi akaendelea na mipango kana kwamba baba amekubali. Alimnunulia mama begi la magurudumu na raba nyeupe. Kisha akamwomba jirani yao, Mzee Machibya, awaangalizie ng'ombe kwa wiki moja, na hapo ndipo alipojikwaa. Machibya ni mwenyekiti wa chama cha kuzikana. Yeye ndiye anayetunza turubai na masufuria makubwa, na kazi hiyo imemfanya asiamini kwamba kuna jambo la dunia hii lisiloishia chini ya turubai.

"Wanaondoka wote wawili?" aliuliza Machibya.

"Wote wawili."

"Pwani? Ghafla hivi?"

"Kutembea tu, mzee wangu. Hakuna tatizo."

Machibya alimtazama kwa huruma, akamshika bega. "Nimekuelewa, ng'wanone, mwanangu. Usiseme zaidi."

Asiyejua desturi za huku atamwona Machibya ni punguani, lakini sivyo. Kwetu mtu hapewi habari ya kifo kavukavu. Huambiwa fulani anaumwa kidogo, hupandishwa gari, hununuliwa soda njiani, na ukweli huupata akishafika penye watu wa kumshika asianguke. Kwa hiyo ukiambiwa hakuna tatizo, ujue tatizo lipo. Na ukiwaona wazee wawili ambao hawajawahi kusafiri pamoja wakinunuliwa begi na raba, eti wanakwenda kutembea, basi aliyekufa ni wa damu kabisa.

Justina alipofika Lalago kuwachukua wazazi, alikuta turubai limefungwa uani. Akina mama walikuwa wanaingia na unga na kuni vichwani, wanaume wamekaa kimya kwenye viti vya plastiki, na mbuzi alikuwa tayari amening'inizwa. Katikati yao alikaa Mzee Shigela, amevaa koti.

"Nani?" alimuuliza binti yake.

"Nani nini, baba?"

"Nani amekufa? Niambie, mimi ni mwanamume."

"Hakuna aliyekufa!"

Wazee wakatikisa vichwa kwa kumsifu. "Huyu binti ana moyo," mmoja alisema.

Kadiri alivyokana ndivyo msiba ulivyozidi kukomaa. Alipopandisha sauti, wanawake walimkalisha chini na kumpepea. Uvumilivu ulipomwishia akaangua kicheko, maana hata wewe ungecheka, na wao wakasema masikini, uchungu umempanda kichwani. Ugumu ulitokea pale tu katekista alipoomba jina la marehemu kwa ajili ya sala. Watu wakaanza kukumbushana nani wa ukoo huu yuko Pwani, na baada ya mabishano mafupi marehemu akapatikana. Ni Bujiku, mdogo wake Apolonia, aliyeondoka akiwa kijana kwenda mashamba ya mkonge na hakusikika tena.

Apolonia akapiga yowe, na uani kote wakalipokea.

Ndipo Mzee Shigela aliposimama. "Sasa hii ni safari," alisema, na sauti yake ilikuwa na nguvu mpya. Wataondoka keshokutwa, yeye na mkewe, na wanaukoo watakaotosha basi zima, na turubai. Justina aliingiwa na kishawishi. Akinyamaza tu, mama yake atapanda basi. Lakini mama alikuwa analia machozi ya kweli, na Justina hakuweza kuyatazama. Akapiga magoti mbele yake.

"Mayu, sijui Bujiku yuko wapi, sijasikia lolote. Mimi nilitaka tu ukaone mji."

"Najua, mwanangu," alisema Apolonia akijifuta kwa pindo la kanga, kisha akaitwa jikoni aonje mchuzi kama chumvi imekolea, naye akaenda.

Habari nazo hazikukaa Lalago. Binamu mmoja wa Nyashimo alizitupia kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, na picha ya mshumaa juu na namba ya Machibya ya kupokea rambirambi chini, zikasambazwa kundi hadi kundi. Siku ya pili mchana simu ya Machibya ikaita.

"Nani kaniua?" iliuliza sauti kwa Kisukuma kilichochakaa.

"Nani mwenzangu?"

"Mimi Bujiku! Niko Muheza, nakunywa chai!"

Machibya, mtu wa taratibu, hakukubali kirahisi. Alimtaka ataje rangi ya ng'ombe aliyewahi kumwangusha yeye Bujiku kwenye lambo utotoni. Bujiku akaitaja, pamoja na tusi ambalo ni mtu wa Lalago tu angelijua. Simu ikapelekwa kwa Apolonia, naye akalia upya, safari hii huku akimgombeza ndugu yake kwa miaka yote ya kimya.

Watu walifurahi, kisha wakaona haya. Mbuzi ameshaliwa, sala zimeshasaliwa, na marehemu anakunywa chai Muheza. Mzee Shigela akakohoa.

"Basi safari haipo. Maiti ndiye hufuatwa. Mzima ana miguu, na tena yeye ndiye mdogo. Aje."

Ilikuwa hoja nzuri na wanaume waliikubali. Machibya akaanza kulegeza kamba za turubai. Justina alitazama begi la magurudumu likiwa mlangoni, akatamani kulipiga teke.

Apolonia akainuka. Ilimchukua muda kwa ajili ya magoti, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakuna aliyejua anainukia nini.

"Baba Justina," alisema, "mimi sikuwa naenda kwa Bujiku. Bujiku aje, nitampikia. Nimepika kwenye harusi za nyumba hii, nimepika kwenye misiba yake, na jana nimepika kwenye msiba wa ndugu yangu mwenyewe. Nataka nikakae mahali ambapo hakuna anayenijua. Naondoka na mwanangu."

Mzee Shigela alitafuta hoja kushoto na kulia, na iliyopatikana ilikuwa ndogo.

"Na mimi nitakula nini?"

"Wapishi hao," alijibu Apolonia, akiwaonyesha kwa mdomo wanawake wa chama cha kuzikana. Baadhi yao walificha vicheko kwenye kanga. Wengine hawakujisumbua kuficha.

Mama na binti walilala Bariadi na kupanda basi alfajiri. Liliposimama Maswa, jirani na Lalago, Mzee Shigela alikuwa stendi na koti lake, ameshika dirisha la dereva akimwuliza kama amewabeba wanawake wawili na begi. Alipanda, akakaa, akaeleza bila kuulizwa kwamba Pwani kuna wezi na begi lile ni jipya.

Bagamoyo waliyaona magofu. Mzee aliupima ukuta wa Kaole kwa kiganja, akasema waliojenga walijitahidi. Kisha wakaingia kwenye hoteli moja ya kawaida kula, na mhudumu, msichana mwenye buibui, akainama mbele ya Apolonia.

"Shikamoo bibi. Nikuletee nini?"

Apolonia aligeuka nyuma kuona nani anaulizwa. Hakukuwa na mtu. Mzee Shigela akafungua mdomo amjibie, Justina akamkanyaga mguu chini ya meza. Msichana akamtajia, polepole: kuna samaki wa kupaka, kuna pilau, kuna wali na maharage, kuna ndizi.

"Mwambie asubiri," Apolonia alimwambia binti yake kwa sauti ndogo, machozi yakimlengalenga. "Bado nachagua."