Redio ya Kijiji na Daftari Lililokuja Nayo

Wiki tatu zilizopita, nikingoja barua zangu posta hapa Mbeya, mwalimu mmoja aliniambia kwamba mwenzake, yule bwana mrefu tuliyezoea kumwona akiikokota baiskeli kupanda kilima cha shule, amefariki kwa kichomi, na kwamba wameshamzika. Niliondoka bila hata kuulizia barua. Sitajifanya kwamba tulikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Tulifahamiana tu, kwanza Iringa, kisha huku. Lakini tangu siku ile nina hasira, na ninyi mnaonisoma mnajua kwamba nikiwa na hasira sikai kimya.

Miaka minne nyuma, marehemu alikuwa mwalimu wa shule ndogo ya kijiji kimoja upande wa Kalenga, nami nilikuwa karani wa duka mjini Iringa. Boma la wilaya liliamua kijiji kile kipewe redio. Mtu asiseme kwamba nazichukia mashine. Mimi mwenyewe nikisikia redio dukani kwa mtu husahau nilichotumwa. Na wanakijiji waliipenda kweli. Jumamosi alasiri darasa lilijaa, wazee kwa akina mama, na ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukapita mkono kwa mkono huku sauti kutoka Dar es Salaam ikitaja bei za mazao na kupiga muziki. Ila redio ile ilikuja na daftari. Mwalimu aliagizwa aandike yale watu wanayosema wakishasikiliza habari. Betri yake, nzito kama ya lori, ilichajiwa bomani tu, na aliyeipokea hakuigusa mpaka aone daftari limejazwa. Hapo ndipo ninapokasirika. Ukitaka kujua watu wanasema nini, si uende ukakae nao?

Marehemu hakuona ubaya mwanzoni. Alikuwa mwalimu hasa, mtu wa kunyoosha mistari kwa rula, na kwake yeye jibu lisilo na jina halisahihishwi. Kwa hiyo kila neno aliliandikia jina la msemaji pembeni, kwa mwandiko mzuri wa wino. Siku moja redio ilihimiza watu wachimbe matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Mzee mmoja wa kanisa, mwenye shamba la mahindi kwenye mteremko mkali, akasema mbele ya wote, "Huyo bwana wa kwenye redio aje na jembe yake tuchimbe wote. Mgongo wangu siyo ya serikali." Watu wakacheka, mwalimu naye akacheka, huku anaandika. Baada ya wiki mbili tarishi alimfuata yule mzee shambani. Mzee yule, mtu mwenye wajukuu, alikaa bomani siku kumi akifyeka nyasi za ua wa Bwana Shauri, afisa wa wilaya.

Aliporudi hakumtukana mwalimu, na hakuna aliyemtukana. Mngewajua watu wale mngeelewa kwamba matusi yangekuwa nafuu. Zamani mwalimu akifika penye ulanzi alisogezewa nafasi kwenye gogo, akataniwa kwa miguu yake mirefu. Sasa akifika waliinuka wote wakampa kiti. Mwenye nyumba alionja kwanza kama ilivyo desturi, akampa kikombe kilichojaa, kisha wote wakatazama chini mpaka amalize na kuaga. Jumamosi bado walikuja kusikiliza redio, maana waliipenda, ila habari zikiisha walisema, "Vizuri, Mwalimu," wakaondoka mmoja mmoja. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Alijaribu kujinasua. Alipeleka daftari tupu, betri ikazuiwa, na kijiji kizima kikamuuliza kwa nini redio imekufa. Akaandika "wote wamefurahi" ukurasa mzima, akaonywa kwamba anaficha. Mkubwa wake wa shule, alipomwomba amwondolee kazi ile, alimjibu kwamba hiyo ni kazi kama kazi nyingine, na asiyeitaka arudishe ufunguo wa nyumba ya mwalimu. Mwalimu alikuwa na mke na watoto wadogo. Alinisimulia haya nyumbani kwangu siku aliyoleta betri mjini, chai yake ikapoa bila kuguswa. Nilimhurumia, nikamwambia avumilie. Najuta, lilikuwa jibu la mtu asiyetaka shida za mwenzake. Mwishowe aliomba uhamisho akaletwa Mbeya. Nami nilipohamia huku akanieleza kwamba mara tatu, wakati wa likizo, alipanda basi mpaka Iringa ili akamwombe radhi yule mzee. Mara zote tatu aliishia kituo cha mabasi, akalala kwa Msomali mwenye hoteli, asubuhi akarudi. "Nitapewa kiti tena," alisema. "Siwezi kukikalia."

Juma lililopita nilikwenda Iringa kwa shughuli zangu, nikaazima baiskeli nikafika kijijini. Nilimkuta yule mzee akipalilia. Nikamwamkia, "Kamwene, baba," kisha nikampa habari. Aliliweka jembe chini taratibu.

"Amekufa? Mwalimu wetu?"

"Ndiyo, baba. Kule Mbeya."

"Sasa mbona hakurudi? Mimi ile maneno ilikwisha siku ileile nimetoka boma. Kiti tulimpa kwa kuogopa ile daftari, siyo kwa chuki. Mama yenu alisema, mwiteni huyo mtoto wa watu, naye amefungwa kama wewe tu. Tulikuwa tunamngoja."

"Hamkumpelekea habari?"

"Nani apeleke? Barua zetu za kwenda kwa watoto wetu walioko kwenye mkonge, zote aliandika yeye. Sasa ameletwa mwalimu mwingine, kijana mzuri, lakini hakuna mtu anaenda kumwambia neno aandike. Tunaogopa kalamu yake." Akafuta macho kwa kiganja chenye udongo. "Hata watoto wa mkonge hatujawaandikia tena."

Nilimsaidia kupalilia mpaka jua lilipokuwa kali. Wakubwa wanaopenda kujua kila kinachosemwa vijijini wapime wenyewe walichopata: daftari moja lililojaa, na kijiji ambacho hakithubutu tena kumwandikia hata mtoto wake. Nanyi wasomaji, kama kuna mtu mmemkosea, fikeni mpaka mlangoni kwake. Marehemu alikuwa ameshasamehewa kwa miaka minne, akafa bila kuambiwa.