Ruhusa ya Shemeji

Mdogo wangu alinipigia simu siku ya upasuaji wake, saa ambayo nilidhani yuko tayari mezani kwa daktari. Nilikuwa kazini Wembley, hapa London, katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, namlisha bibi mmoja supu. Nikamwomba mwenzangu anishikie kijiko, nikaingia chumba cha mashuka.

"Dada, wananirudisha nyumbani," alisema. "Wanasema bima imelala."

Kwa mwaka mzima alikuwa akivuja damu kwa sababu ya uvimbe kwenye kizazi. Daktari kule Nakuru alikuwa amemwambia kwamba wakiwahi, watautoa uvimbe na kukiacha kizazi. Alikuwa na miaka thelathini na sita, hajapata mtoto, na alikuwa bado anatumaini. Tegemeo lake lilikuwa bima ya afya ya umma, aliyoandikishwa chini ya jina la mumewe walipooana. Mume alikuwa ameondoka miaka miwili nyuma akaanza maisha na mwanamke mwingine. Michango ya bima akaiacha bila kumwambia mtu.

"Basi jiandikishe mwenyewe," nikasema, kana kwamba wazo hilo halikuwa limemjia.

"Nimejaribu. Karani anasema mimi ni mtegemezi wa mtu, na ni huyo mtu tu anayeweza kunitoa. Lazima akubali kwenye simu yake. Dada, usimpigie. Sitaki apate kusema nilimpigia magoti. Niahidi."

Nikamwahidi. Nikarudi kwa bibi yangu. Supu ilikuwa imepoa.

Jioni nilipomsimulia mume wangu, binti yetu alikuwa pale mezani na vitabu vyake. Kiswahili anakisikia chote, lakini hujibu kwa Kiingereza. Akauliza kwa nini mamake mdogo anahitaji ruhusa ya mwanamume aliyemwacha. Nikamwambia amalize kazi ya shule. Mimi mwenyewe niliwahi kuugua ugonjwa wa aina hiyo hapa London. Nilingoja miezi mingi nikilalamika kwa kila aliyenisikiliza, lakini kwenye kile kidirisha cha mapokezi waliniuliza jina langu, siku niliyozaliwa na ninapoishi. Hakuna aliyeniuliza mimi ni wa nani.

Mdogo wangu alihangaika na ofisi ile wiki tatu. Aliambiwa alete barua ya chifu, akaleta. Akaambiwa alete cheti cha ndoa, naye alikuwa ameolewa kimila, cheti hana. Mwisho wakamwambia aje na mume mwenyewe. Wiki hiyo alianguka sokoni, akalazwa, akaongezwa damu. Mama ndiye aliyenipa habari. Mdogo wangu mwenyewe alikuwa ametaka nisiambiwe.

Siku iliyofuata, nikishuka treni Rayners Lane, nilikaa kwenye benchi la stesheni nikampigia shemeji.

"Nilijua siku moja mtanitafuta," alisema, akicheka.

"Shemeji, tunaomba umtoe tu kwenye bima yako. Ni kubonyeza mara moja."

"Na kwa nini haombi mwenyewe? Ana kiburi, huyo."

"Ni mgonjwa."

"Hata mimi nilikuwa na shida zangu katika nyumba ile. Nani aliniuliza?"

Nikamwambia, "Nakuomba. Kama kuna alichokukosea, nisamehe mimi kwa niaba yake."

Nilisikia televisheni nyuma yake, na mtoto mchanga akilia.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena. Mwanamke aliyeketi kando yangu alinitazama, pengine kwa sababu ya sauti yangu, maana maneno hakuyaelewa.

Kesho yake ombi la ofisi la kumtoa likafika kwenye simu ya shemeji, akakubali. Mdogo wangu akaandikishwa kwa jina lake mwenyewe, lakini foleni ya upasuaji ilianza upya, na zikapita wiki nyingine nyingi. Walipomfungua, uvimbe ulikuwa umekua mno na damu ilikataa kukatika. Ili kumwokoa walikitoa kizazi.

Nilimpigia siku ya tatu. Alizungumza polepole, kama mtu anayepanda kilima.

"Wamekitoa chote, dada."

"Pole, mama. Pole sana."

"Mama usimwambie bado. Nitamwambia mwenyewe." Kisha akauliza, "Yule mtu aliniachiliaje? Ulimpigia?"

"Hapana," nikasema.

"Kweli?"

"Kweli. Labda roho ilimsuta."

Alifikiri sana juu ya hilo.

"Basi labda si mbaya kama nilivyodhani," akasema.

Sasa ana nguvu, amerudi kwenye duka lake la vitambaa. Mama ananiambia kwamba kila Jumapili mdogo wangu humwombea yule mwanamume kanisani, kwa jina, mbele za watu. Sijajua nitamzuiaje.