Jumamosi Tuliyopishana na Watu wa Mbale

Simu ililia mara kumi na nne. Nilihesabu. Ilikuwa simu nyeusi ya kuzungusha, imekaa juu ya meza ndani ya ofisi ya klabu ya gofu ya Mbale, na ofisi ilikuwa imefungwa kwa kufuli la ukubwa wa ngumi. Sisi tulikuwa nje barazani, watu wanane kutoka Jinja, tunaitazama kupitia vioo vya dirisha. Inalia, inanyamaza kidogo kama mtu anayevuta pumzi, inalia tena. Hata leo nikisikia simu ikilia mahali pasipo na mtu, naanza kuhesabu.

Nieleze tulifikaje pale.

Baba yangu alikuwa askari jela kutoka kaskazini, mama ni mtu wa Buwenge, nami nikakulia kambini, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya wote, ya kugombana na ya kuombana chumvi. Shule niliishia kidato cha pili. Nikapata kazi ya kuuza soda kwenye kaunta ya klabu ya gofu Jinja, na kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri, barua za klabu zikaja kwangu moja moja mpaka zote zikawa zangu. Asubuhi kabla ya kufungua nilikuwa nachukua fimbo moja kuukuu iliyosahauliwa stoo, napiga mipira iliyochubuka. Mmoja ukinyooka, basi siku nzima nafungua soda huku natabasamu peke yangu, wateja wanadhani nimechumbiwa.

Asubuhi moja nahodha wa klabu alinikuta. Alikuwa ofisa wa magereza, kila mtu alimwita Afande, hata mke wake.

"Nani alikufundisha?" akauliza.

"Hakuna, Afande. Nawaangalia nyinyi."

"Basi umeangalia wabaya." Akazunguka, akaitazama miguu yangu nilivyoipanga. "Sikiliza. Mashindano ya Mbale mwaka huu, panga wewe. Barua, magari, wachezaji, yote. Ukinipangia bila maneno maneno, siku hiyo wewe ndiyo namba nane."

Kila mwaka wachezaji wanane wetu walishindana na wanane wa Mbale, urafiki tu, mwaka mmoja kwao, mwaka mmoja kwetu. Mwanamke hakuwahi kuwemo. Nilikwenda Buwenge siku ya soko nikashonesha sketi ya marinda, rangi ya bluu, ndefu kiasi cha kumridhisha mama na fupi kiasi cha kuniruhusu kuzungusha fimbo. Fundi aliniuliza ni ya kanisani. Nikamwambia ni ya timu.

Sasa kupanga. Watu wazima saba, na kila mmoja ana lake. Yupo ambaye hataki kupanda gari moja na fulani. Yupo anayesema ndiyo Jumatatu, Jumatano amesahau kama aliulizwa. Injinia mmoja wa bwawa, mwembamba, mdomo mwingi, alinibadilishia jibu mara nne, halafu akaniambia, "Dada, we unatusumbua kama kodi." Barua ya kwanza kwenda Mbale haikujibiwa. Ya pili nilimpa dereva wa lori Mkenya aliyekuwa anapita, akaifikisha. Simu ilikuwa ya kupigia kelele, na sauti ya upande wa pili ilikuja kama mtu yuko ndani ya pipa. Lakini tulikubaliana. Jumamosi baada ya Pasaka, saa nne.

Mahali hatukuandika. Hapo ndipo nilipojikwaa, na nilijikwaa nikiwa macho.

Mwaka uliotangulia ilikuwa zamu ya Mbale. Wetu walikuwa wamekwisha pakia mifuko garini ndipo habari ikaja kwamba nahodha wao, mwalimu mkuu wa shule moja ya Nabuyonga, amefiwa na mama. Wakaenda vilevile, mifuko ya gofu ikabaki garini, wao wakakaa chini na wafiwa, wakazika, wakala, wakarudi. Hakuna aliyepiga hata mpira mmoja. Kwa hiyo Jinja tukahesabu kwamba Mbale bado wana zamu yao.

Nilimuuliza Afande, "Niandike kwamba tunakuja kwenu?"

Akakunja uso. "Mtu amezika mama yake, wewe unamwandikia kwamba ana deni ya kutupikia? Zamu inajulikana. Andika siku na saa."

Nikaona ni maneno ya utu, nikaandika siku na saa. Na chakula je, si kingeonyesha nani mwenyeji? Nani anayepiga simu kuuliza atapikiwa nini?

Tulitoka Jinja mapema, pikapu ya Afande na gari dogo la injinia, tukashika njia ya Tirinyi na vumbi lake. Sketi nilikuwa nimeikunja kwenye mfuko wa plastiki juu ya mapaja, isichafuke. Nilipouona mlima Wanale umesimama nyuma ya mji, nilianza kuimba kwa ndani.

Uwanjani kulikuwa na ng'ombe watatu na mlinzi mmoja.

Afande akashuka, akapiga makofi. "Hodi hapa. Wenyewe wako wapi?"

Mlinzi akavua kofia, akasimama wima, mikono pembeni. Huku kwetu wako wengi ambao Kiswahili cha kupaza sauti kiliwafikia zamani kikiwa na bunduki nyuma yake. Nikamsogelea, nikamsalimu kwa salamu yao, "Mulembe, baba," na mabega yake yakashuka.

"Wamekwenda kwenu, nyabo," akaniambia, yaani bibi, kwa heshima.

"Kwetu wapi?"

"Jinja. Saa kumi na mbili ya asubuhi. Wamevaa tai. Wamebeba jogoo mbili na malewa."

Malewa ni machipukizi ya mianzi ya mlimani, yaliyokaushwa kwa moshi, chakula cha heshima cha Wagisu, wenyeji wa huko. Mtu habebi malewa kwa ajili ya mchezo tu.

"Mwalimu alisema nyinyi mulikuja kuzika mama yake," mlinzi akaendelea, "mukakaa chini, mukakula na yeye. Alisema zamu ya hapa hiyo iliisha. Sasa anakwenda kushukuru."

Kisha injinia akasema, "Kwa hiyo ule wali wa matanga ndiyo ilikuwa gofu?"

"Tumepishana wapi?" Afande akauliza. "Barabara nzima sijaona mtu wa tai."

"Wamepitia Tororo. Wanachukua Mkenya moja wa malori, anachezea hapa."

Ndipo simu ikaanza kulia. Tukajua wote kwa pamoja: wamefika Jinja, wamekuta mpishi na viti vitupu, wanapiga kwao kuuliza.

"Fungua," Afande akasema.

"Ufunguo uko na karani, Afande."

"Karani yuko wapi?"

"Anacheza. Amekwenda Jinja."

Injinia akalegeza kipande kimoja cha kioo cha dirisha, akapenyeza fimbo yake ndefu, na sisi tukimwelekeza, kushoto, kushoto, juu kidogo. Badala ya kuivuta simu akaugonga mkono wa simu, ukaanguka, ukaning'inia kwa waya kando ya meza. Tukasikia sauti ndogo: "Halo? Nani hapo? Halo?" Alikuwa yule mwalimu mwenyewe. Watu wanane tukapiga kelele kwenye tundu moja la dirisha, kila mmoja na sentensi yake.

"Kuna watu ofisini kwetu," tukamsikia akimwambia mwenzake. "Nadhani ni wezi."

Akakata. Mkono wa simu ukabaki unaning'inia, unazunguka polepole, na simu ya namna hiyo hailii tena mpaka mtu aurudishe mahali pake. Fimbo haiwezi kufanya hivyo. Tulijaribu.

Nilipanda baiskeli ya boda mpaka posta, nipige simu Jinja. Nilimkuta karani wa posta anafunga komeo. Nikamsihi, nikamwambia ni dakika mbili tu, kuna watu wa heshima wanatuita wezi. Akasema, "Jumatatu, nyabo," si kwa ubaya. Nikarudi.

Wenzangu walikuwa wameketi barazani na soda kutoka duka la karibu, wakibishana. Mmoja anataka turudi Jinja tukawakute. Mwingine anasema, "Na wao wakiwaza hivyohivyo? Tutapishana tena, safari hii bila hata salamu." Basi hakuna aliyeinuka, si kwenda, si kukaa vizuri.

Nami kichwani nikapata wazo ambalo mpaka leo naliona zuri. "Afande, tucheze hapa. Wao wako kwetu na fimbo zao, hawatakosa kucheza. Sisi tuandike yetu, wao waandike yao, Jumatatu tulinganishe. Wao wamecheza kwenye majani yetu, sisi kwenye mchanga wao. Hakuna wa nyumbani."

"Ushindane na mtu humwoni?"

"Ni wale wale, Afande."

"Na nani atajua hawakuongopa?"

"Watu waliobeba malewa?" nikasema.

Akanigeukia. Uso wake ulikuwa na vumbi, na nadhani aibu ilikuwa inamchoma kuliko hasira, kwa sababu mgeni alikuwa amefika mlangoni kwake na jogoo, yeye hayupo. Lakini aibu ya mkubwa hutafuta pa kukaa. "Ulipewa kazi moja," akasema.

"Afande, ulisema nisiandike mahali."

"Nilisema usimwandikie zamu. Nilikukataza kufikiri?"

Injinia akaangalia chupa yake. Wengine pia wakaziangalia zao. "Hiyo namba nane tutaona mwaka kesho," Afande akamaliza, akaagiza soda nyingine.

Mwaka kesho. Nilikwenda nyuma ya klabu nikasimama na mfuko wangu wa plastiki. Nilimwonea huruma yule mwalimu na tai yake. Nilimwonea huruma Afande pia, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba hata kukasirika sawasawa siwezi.

Wingu jeusi lilikuwa linashuka kutoka Wanale na wakaanza kusema tuondoke kabla ya mvua. Nikaivaa sketi nyuma ya tangi la maji. Nikachukua fimbo yangu kuukuu na mpira mmoja, nikaenda shimo la kwanza. Ng'ombe mmoja aligeuka, akarudia majani yake. Pigo la kwanza lilikwenda hatua ishirini. La pili lilinyooka. Mbale hawakuwa na majani kuzunguka shimo, ni mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari, na mpira wangu ulibingirika juu yake ukiacha mstari mwembamba. Mapigo tisa. Nikachukua ubao wenye mpini wa kusawazishia mchanga, waliouacha pale, nikauburuta kuzunguka shimo mpaka nyayo zangu zikafutika.

Kadi ya mashindano nilikuwa nimeipiga mistari mwenyewe wiki nzima kabla. Upande wa Jinja, mbele ya namba nane, shimo la kwanza, nikaandika tisa. Pikapu ilikuwa inapiga honi. Nilipiga magoti barazani, nikaisukuma kadi chini ya mlango wa ofisi mpaka ikaingia yote.