Shahada ya Nyuma ya Mashine

Mimi shule yangu iliishia darasa la tatu, na bado nilimsomesha mchungaji. Mtu akinijia na vyeti vyake huwa namwambia hivyo, kisha namwacha ajijibu. Nilianza utingo kwenye malori ya njia ya Iringa na Mbeya, nikalala juu ya magunia mpaka mgongo ukazoea, nikajifunza injini kwa kumshikia fundi spana. Miaka ya sabini ilipoanza nikafunga mashine yangu mwenyewe ya kukoboa mpunga, Ubaruku. Mpunga wa Usangu ulinijia kwa punda, kwa mikokoteni ya wale wafugaji waliohama kutoka kaskazini, na kwa vichwa vya akina mama. Waliniita Bwana Mashine. Nadhani jina langu hasa hata balozi wa nyumba kumi alikuwa amelisahau.

Mdogo wangu alikuwa mchungaji Iringa mjini. Shahada ya kwanza alikuwa nayo. Kanisa likamwambia atafute ya pili ya theolojia ili afundishe wachungaji wenzake chuoni, na akichelewa nafasi ile atapewa mwingine. Aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona akikitaka. Basi tukakutana kwa mama, kijijini nje ya Iringa, tuamue. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Kuamua ni mimi.

Njia zilikuwa tatu. Kulikuwa na chuo cha humu nchini, kule kaskazini, cha kukaa bwenini na wenzake, ila kwa nafasi angengoja. Kulikuwa na Ulaya, ambako wamisionari wangemlipia masomo, lakini mkewe na watoto wangebaki wakitazamana. Na kulikuwa na chuo kimoja cha ng'ambo kilichofundisha kwa posta: wanakutumia vitabu na maswali, unasoma, unaandika, unarudisha. Hiyo ya posta ndiyo iliyokuwa rahisi kwa mfuko.

"Ulaya kuna baridi," mama alisema. "Na wanazika bila kulia. Ukifia kule?"

"Mama, naenda kusoma, siendi kufa."

"Hakuna anayeaga kwamba anakwenda kufa. Wanakwenda tu."

Mimi nikasema yangu. Nimesafirisha mizigo maisha yangu yote, najua. Kwa nini asafiri mtu mzima na masanduku, wakati kitabu ndicho chepesi? Kisafiri kitabu.

"Kaka, ya posta ina shida yake," mdogo wangu alisema. "Nitasomea wapi? Nikifungua kitabu, hodi, msiba. Nikirudi makaburini, hodi, mke na mume wamepigana. Nyumba ya mchungaji ni stendi."

"Utakuja kwangu Ubaruku. Kule hakuna anayekujua."

Nilisema hivyo kwa kifua mbele, kama mtu anayetoa ng'ombe. Mama peke yake hakufurahi. Alinitazama akasema, "Mtu asiyejulikana na mtu ni mtu gani?" Mama zetu wana maneno mengi.

Akaomba likizo, akaja. Njiani homa ikampanda, tena ile malaria ya kutetemesha. Lori lilifika jioni, mimi na mwendesha mashine wangu tukamshusha, tumemshika kwapani, kichwa kimemlala kifuani. Foleni ya watu wenye mpunga ilikuwa bado ndefu. Tulipita naye katikati yao, tukamwingiza chumba cha nyuma ya mashine, nikafunga mlango ili vumbi lisimsumbue. Wakaniuliza ni nani. Nikasema, "Mgeni wangu."

Tulikuwa tumekubaliana nisiseme zaidi. Wakijua ni mchungaji, watamtoa chumbani siku hiyohiyo azike na abariki.

Chumba kile nilikijenga mwenyewe kwa matofali ya kuchoma, imara. Dirisha nililipigia mbao kwa sababu ya vumbi. Nilimpa meza, taa, kitanda. Homa ilipomwacha akaanza kusoma, na alisoma, jamani. Chakula nilimpelekea mwenyewe. Alikonda, ndevu zikaota, pumba laini zikapenya ukutani zikamkaa kichwani mpaka nywele zikawa kama za mzee. Kulikuwa na Kigiriki cha kukariri, naye alikikariri kwa sauti nzito ya chini. Aliona haya kusikika, kwa hiyo alisoma kwa sauti injini ikiwaka, na nikiizima naye ananyamaza.

Mimi sikuona kitu katika hilo. Mwenye mashine husikia mashine.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni rundo la pumba. Siku zote akina mama walikuja kuzoa pumba nyuma ya mashine, za kuku na nguruwe wao, na walizigombania. Sasa rundo likawa linapanda. Lilifika usawa wa goti, likafika kiunoni. Nikamuuliza mwendesha mashine, kuku wa hapa wamekufa wote?

Akafuta mikono kwa kitambaa cha grisi, taratibu mno.

"Bosi, wanasema pumba zina mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Mimi nazigawa bure."

"Wanasema zina mlaji."

Hapo nikaelewa. Msomaji wa kwetu ameshaelewa pia. Kwa asiye wa kwetu nitasema: watu wanaamini tajiri anaweza kumchukua mtu akaonekana amekufa, akamficha, akamfanyisha kazi. Ndiye msukule. Msukule hasemi lugha ya watu, hatoki nje, haendi kuzika na wenzake, na chakula chake ni pumba. Chumvi hawezi kula. Na mimi mashine yangu ilikuwa haiharibiki. Ilikuwa haiharibiki kwa sababu naijua injini kuliko waliosomea, lakini nani atakubali hilo?

Nilipomwambia mdogo wangu, aliweka kalamu chini.

"Kaka, nitoke nijitambulishe."

"Umebakiza nini?"

"Mitihani ya mwisho."

"Basi maliza. Sitaongozwa na maneno ya foleni."

Kisha akafa kijana wa balozi, mtoto wake wa kwanza, mwanamume mwenye nguvu zake. Alileta mpunga kwangu asubuhi, akauacha, akaenda nyumbani analalamika kichwa. Hakurudi kuuchukua.

Nilikwenda msibani na gunia la mchele, mchele mweupe safi, daraja la kwanza. Kwetu msibani kila anayefika hupewa mkono na waliotangulia. Nilinyoosha mkono, wakawa wanatazama chini. Nikakaa kwenye mkeka, mkeka ukawa wangu peke yangu. Akina mama walipika, moshi ulifuka, watu walikula, na gunia langu likabaki pale nilipoliweka, kamba yake haijaguswa.

Balozi akaja akachuchumaa mbele yangu. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa ya mtu anayeuliza njia.

"Ndugu. Mgeni wako mbona haji kuzika?"

"Anasoma."

"Anasoma. Masika yamepita, mavuno yamepita. Shule gani hiyo haina hata kengele?"

Siku ya kuondoa matanga, mchana, walikuja. Ningependa wangepiga kelele, kelele naiweza. Walikuja kimya, wanaume kwa wanawake, wakajaa uwanja wote wa mashine. Mwendesha mashine akazima injini bila kuambiwa, akatoka, akaenda kusimama upande wao. Balozi alishika kibakuli cha chumvi.

"Mtoe," alisema.

"Hii ni mashine yangu. Mwenye mpunga aseme, asiye na mpunga aende."

"Mpunga wa mwanangu uko humo ndani. Mtoe, ndugu."

Kabla sijajibu, mlango ulifunguka wenyewe. Mdogo wangu akatoka. Nilimwona wakati ule kama walivyomwona wao: mweupe kwa pumba, mifupa ya mashavu nje, anafumba macho kwa jua, anayumba kidogo. Wanawake wakarudi nyuma. Mmoja akaanza kulia.

"Mimi ni mchungaji," alisema. Sauti ilitoka imekwaruza.

"Mchungaji gani asiyezika?" akajibu mama mmoja.

Balozi akasogeza kibakuli. Mdogo wangu alikitazama, akanitazama mimi, akaelewa. Akachota chumvi kwa vidole vitatu, akaitia mdomoni, akaitafuna wote wakisikia. Kisha akauliza kwa upole, "Nani amekufa?"

"Mwanangu wa kwanza," alisema balozi, na hapo ndipo sauti yake ilipovunjika.

"Nipelekeni kaburini."

Watu wakashusha pumzi. Mambo yangekwisha pale. Lakini balozi alinigeukia mimi, kibakuli bado mkononi.

"Na wewe, ndugu. Onja, tujue mikono yako ni safi, tumalize."

Mimi? Kwenye uwanja wangu, mbele ya mwendesha mashine niliyemfundisha mwenyewe kufunga mkanda?

"Kaka," mdogo wangu alisema, "ni chumvi tu."

"Mimi sijafa, nionjeshwe," nikasema.

Balozi alimwaga chumvi iliyobaki chini, mbele ya mlango wangu, akageuka. Wote wakamfuata, mdogo wangu katikati yao, balozi amemshika mkono. Alipiga magoti kaburini mpaka jua likashuka, niliambiwa. Mimi sikualikwa.

Chumbani hakurudi tena, hata vitabu nilimfungia mimi. Alipanda basi la Iringa, akaomba kile chuo cha kaskazini, cha bwenini na wenzake, akangoja nafasi. Ile kazi ya kufundisha ikapewa mwingine. Shahada aliipata baadaye sana, na leo anafundisha, na nikisema nilimsomesha mimi habishi.

Mpunga haukuja tena. Yule kijana wa balozi gunia lake halikufuatwa. Rundo la pumba lilinyeshewa, likaota ukungu, likanuka. Niliing'oa mashine nikaifunga mahali pengine, na leo ninazo kadhaa, zote bila chumba cha nyuma.

Kabla ya kuhamisha nilipita kwa mama. Nilimkuta jikoni. "Kamwene," nikamsalimu kwa kilugha chetu, naye akaitikia, lakini alichelewa. Habari zilikuwa zimenitangulia, malori hayafichi kitu. Aliniwekea ugali na mboga, akakaa mbele yangu, yeye ambaye siku zote hula na wajukuu. Nikamega, nikaonja. Mboga haikuwa na chumvi kabisa.

Chumvi ilikuwa kwenye kisahani, pembeni. Akanisogezea kwa kidole kimoja, akawa ananitazama mdomoni.

Nikachovya.

"Ongeza," alisema mama.