Arobaini Mara Saba

Aukje Wiarda hakuwa mtu wa huruma. Naanza na hilo, maana tangu aondoke ofisini watu wanamsimulia kama malaika. Malaika wapi! Shemeji yake alipochelewa kulipa magurudumu ya trekta, alimwandikia barua ya onyo kwa mkono wake, akamtoza gharama zote, na Jumapili akaenda kula viazi kwake kana kwamba hakuna kilichotokea. Miaka ishirini na minne alifanya kazi ya kudai madeni ya watu hapa mjini Drachten, na miaka kumi na moja ya mwisho meza yake ilikuwa mbele ya yangu.

Alikuja kazini kwa baiskeli, kilomita tisa, na alidai kwamba upepo ulimpiga usoni wakati wa kuja na wakati wa kurudi. Hakuiamini kompyuta. Kila faili alilipigia hesabu kwa penseli kwanza, halafu ndipo aangalie mashine imesema nini, na ikitofautiana naye aliitazama kwa dharau.

"Deni ni la mdai," alikuwa akiniambia. "Lakini gharama za kulidai ni ruhusa tu, Roelie. Sheria imekuruhusu mpaka hapa, unaishia hapa."

Na mpaka wenyewe aliujua kwa moyo. Euro elfu mbili na mia tano za kwanza, unachukua kumi na tano kwa kila mia. Zinazofuata, kumi kwa mia, na kuendelea kushuka. Deni likiwa dogo sana, unaruhusiwa euro arobaini, basi. Na kabla ya kugusa hata senti, mdaiwa apewe barua moja yenye siku kumi na nne kamili, zinazoanza siku ya pili baada ya barua kumfikia. Jumatatu tarishi haleti barua, kwa hiyo Aukje aliongeza siku mbili juu, ili mtu asije akasema amepunjwa. Wenzetu walimcheka. Mimi pia nilicheka.

Halafu akaja bosi mpya, Menno Haverkort. Huyu ndiye bwana aliyehakikisha saa nne kila mmoja wetu anachukua biskuti moja kwenye kopo, kisha yeye mwenyewe analifunga na kulirudisha kabatini. Mtu wa namna hiyo ungetegemea awe mwangalifu na mali ya wengine. Wapi! Mwezi wa kwanza tu alitukusanya akatangaza mpango wake: kila ankara na faili lake, kila faili na barua yake. Alisema ni kwa ajili ya usafi wa kazi.

Jumanne moja ya Machi akaja kaunta mzee Hylke Nauta, mstaafu wa kiwanda cha maziwa, na mfuko wa plastiki. Alimwaga barua saba mbele ya Aukje. Zote zilitoka kwetu, zote za tarehe moja, siku kumi na nne zimeshapita, na mdai wa zote ni yuleyule, daktari wa mifugo wa mtaani kwake. Mzee alikuwa na mbwa mwenye kisukari, Doeke, aliyehitaji sindano asubuhi na jioni. Chupa ya dawa ilikuwa euro thelathini na nane kwa mwezi, na miezi saba hakuwa amelipa.

"Daktari hanipi chupa nyingine mpaka nimalize," alisema. "Iliyobaki ni ya siku kumi. Niambie ukweli, mama, nimlipe nani kwanza? Maana nyinyi mko saba."

"Tuko mmoja, mzee," Aukje alimjibu. "Keti."

Akachukua penseli. Thelathini na nane mara saba ni mia mbili sitini na sita. Kumi na tano kwa mia ya hiyo ni thelathini na tisa na senti tisini, basi unachukua arobaini. Jumla mia tatu na sita. Kisha akaangalia barua zetu zilivyosema. Arobaini kwenye kila barua. Arobaini mara saba, mia mbili themanini, gharama zimelipita deni lenyewe! Na sheria haina fumbo hapo: mdai mmoja, mdaiwa mmoja, ankara zote zimeshapitwa na tarehe, unaandika barua moja na unazijumlisha. Hata mtoto wa shule angeielewa.

Nilimwona Aukje shingo ikimwiva kwa hasira. Alimwandikia mzee karatasi moja, mzee akalipa mia tatu na sita palepale kwa kadi, na Aukje akaandika chini yake: amemaliza, hadaiwi. Akatia sahihi.

Menno alikuja mbio kama mtu aliyesikia moto.

"Mia mbili arobaini ziko wapi?"

"Hazikuwahi kuwepo."

"Aukje, mpango wa ofisi unaujua."

"Naujua. Ni wizi wenye kichwa cha barua."

"Umeniita mwizi?"

"Nimekupigia hesabu tu, Menno. Jina umejipa mwenyewe."

Tulikuwa watu tisa chumbani. Mbele ya wote Aukje akaambiwa akusanye vitu vyake aende nyumbani, na asirudi mpaka aitwe. Hajaitwa mpaka leo. Alivaa koti lake la mvua, akaichukua penseli yake, akanitazama mimi, akatoka.

Kisha Menno akaja mezani kwangu. Alisema malipo ya mzee yamehesabiwa kuwa yamefunga ankara zote na gharama za faili la kwanza. Mafaili sita bado yana arobaini moja moja. Niandike barua sita, ziende leo.

Nikaziandika. Nilijua hesabu, nilikuwa nimeketi pale, na niliziandika zote sita, nikazitia muhuri wa ofisi na jina langu chini. Nina mkopo wa nyumba. Hiyo ndiyo sababu.

Wiki tatu baadaye kengele ya mlango wangu ililia saa kumi na mbili jioni, wakati ambao huku kwetu hakuna mwenye akili timamu anayemwendea mwenzake bila miadi. Tulikuwa mezani, viazi vinatoka moshi. Alikuwa Aukje, amelowa.

"Ingia basi," nilisema.

"Siingii. Jirani wa Nauta kaniambia mzee amelipa tena. Mia mbili arobaini. Nani kaandika?"

"Mimi."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Nilingoja anitukane. Ningefurahi angenitukana. Alitoa kipande cha karatasi chenye namba ya simu.

"Mpigie. Mwambie ana haki ya kurudishiwa, na kwamba utasema hivyo mbele ya hakimu. Sasa hivi, nikisikia."

Nikapiga palepale mlangoni, mume wangu akitutazama kupitia kioo na uma mkononi.

"Mzee Nauta, ni Roelie wa ofisi ya madeni."

"Nimelipa," alisema haraka. "Nimelipa zote sita."

"Najua. Hukupaswa kulipa hata moja. Aukje alikuwa sahihi. Tutakurudishia pesa zako, nitakwenda mwenyewe kusema kosa ni letu."

"Yule mama alisema nimemaliza, nyinyi mkasema bado," akasema. "Barua zenu zilikuwa na muhuri. Nikaona mwenye muhuri ndiye anayejua. Pesa ya dawa nikawapa nyinyi."

"Na Doeke?"

"Alhamisi iliyopita. Daktari alikuja mwenyewe kumchoma sindano ya mwisho, ile ya kumlaza asiamke. Hiyo hakunidai."

Aukje alikuwa karibu, alisikia. Aligeuza uso akaishika baiskeli yake kwa mikono miwili. Mimi nikawa nasema tu samahani, samahani sana, mzee, samahani.

"Sawa, binti," alinikatiza kwa upole. "Na kwa kunipigia simu hii mnanitoza ngapi?"